Mbegu za chaza wa Pasifiki katika hori la Mtwapa: zitafaa?

HoriMtwapa aliuliza:

Salaam aleikum wenzangu. Kikundi chetu kinataka kufuga chaza ndani ya hori la Mtwapa, sehemu ya juu ya daraja, na BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, imeridhia eneo. Kuna wakala anayetushawishi tuagize mbegu, yaani chaza wachanga, za chaza wa Pasifiki, huyu mwenye asili ya Japani, Crassostrea gigas, kutoka kituo cha kutotolesha cha ng'ambo. Mbegu 100,000 za milimita 4 hadi 6, triploidi (wenye mafungu matatu ya kromosomu, nyuzi za urithi, badala ya mawili), pamoja na cheti cha afya. Anadai kwamba chaza huyu anafika saizi ya sahani kwa miezi 18, anavumilia joto na chumvi ya kila namna, na kwa kuwa ni triploidi hazai, basi hawezi kuenea.

Maji yetu ni nyuzi 25 hivi wakati wa kusi, na 30 hadi 31 mwezi wa Machi na Aprili. Kiangazi chumvi ni 35 kwa elfu, masika inashuka.

Huyu chaza atanona kweli kwenye joto hili? Hiyo hoja ya triploidi ni ya kuaminika kiasi gani? Serikali itataka nini? Na ikiwa jibu ni hapana, chaza wetu wa miambani anafugika kibiashara au ni wa kuchokolewa tu?

---

PwaJua:

Kukua atakua. Kunona ni jambo jingine.

Watu husoma kwamba chaza wa Pasifiki anaishi kuanzia maji yanayokaribia kuganda hadi nyuzi 35, wakadhani kote humo anafaa. Hiyo ni mipaka ya kufa na kupona, si ya biashara. Japani, Ufaransa na pwani ya magharibi ya Marekani, mwaka wake umegawanyika. Maji yakiwa baridi anaweka akiba ya glikojeni, aina ya wanga, ambayo ndiyo utamu wake na ndiyo inayoifanya nyama ijae kombe. Maji yakipanda kukaribia nyuzi 20, akiba ile inageuka mayai au manii, anayamwaga, anabaki mwembamba na mnyonge mpaka baridi irudi.

Hapa kwetu baridi hairudi. Nyuzi 25 yetu ya Agosti kwake bado ni msimu wa kuzaa. Kwa hiyo diploidi wa kawaida, mwenye mafungu mawili, atakaa mwaka mzima ama amejaa maziwa, yaani mayai au manii, ama ametoka kumwaga na nyama yake ni kama karatasi iliyolowa. Mpishi wa hoteli akifungua dazani moja akakuta nusu zina maziwa na nusu zina maji, haagizi tena. Na chaza aliyetumia akiba yake yote kwenye mayai ndiye anayekufa kwanza joto linapozidi. Vifo vya kiangazi vinajulikana sana hata kwenye nchi baridi kuliko kwetu.

Ongeza jambo ambalo wakala wa ng'ambo hawezi kulijua: saa ya maji. Mombasa, bamvua hupwa mno kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka karibu saa sita. Yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, fuko jeusi la plastiki la kufugia chaza lililo juu ya chanja linakaa wazi kwenye jua kali kuliko yote ya siku. Chaza wetu wa miambani amezoea adhabu hiyo tangu ulimwengu uwe ulimwengu. Wa Pasifiki anaiva ndani ya kombe. Ukimning'iniza kwenye boya asipwewe kabisa, unaepuka jua lakini uchafu unaoota juu ya mafuko unazidi mara kadhaa, na kazi ya kusafisha inakula faida.

Utaambiwa Vietnam wanamfuga. Wanafuga kweli, hasa Quang Ninh kule kaskazini, lakini vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wale wanaoitwa wa Pasifiki ni chaza wa Kireno, Crassostrea angulata, ndugu yake anayevumilia joto zaidi. Na Quang Ninh ina kipupwe cha haki, si kusi letu hili.

---

Kilindini254:

PwaJua ameeleza vizuri, ila tusimhukumu mnyama kwa jazba. Tasnia nyingi kubwa za chaza nje ya Asia zimesimama juu ya huyu huyu. Ufaransa walimleta kwa wingi kati ya 1971 na 1975 baada ya ugonjwa wa virusi kumaliza chaza wa Kireno, na bila yeye wafugaji wa Arcachon wangefunga. Huyo Mreno naye alikuwa mgeni: mwaka 1868 meli iliyocheleweshwa na dhoruba ilimwaga shehena ya chaza mlangoni mwa Gironde, watu wakidhani wameshakufa, kumbe wazima wakashika.

New Zealand aliingia bila kualikwa, akatambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wafugaji wa chaza wa miamba wakaona anawapita kwa kasi, wakahamia kwake. Na hapa hapa Pwani, mwani wa cottonii wanaoulima akina mama wa Kibuyuni si wa kwetu. Asili yake Ufilipino, Zanzibar ukaanza kulimwa 1989, na hakuna aliyelalamika.

Triploidi wametengenezwa hasa kwa tatizo lile alilolitaja PwaJua. Hawahangaiki na kuzaa, chakula kinakwenda kwenye nyama. Kwa nini basi wasijaribiwe, hata mafuko 20?

---

Hadubini:

Ndugu Kilindini254, huo mfano wa New Zealand ungeumaliza. Chaza wa miamba waliokuwa wakifugwa kule ni Saccostrea glomerata, ndugu wa karibu wa Saccostrea cucullata wetu. Miaka michache tu, mbegu za Pasifiki zikajaa kwenye vikamatio vya wafugaji, yaani vitu vya kunasia mbegu, hadi ikawa shida kupata mbegu ya asili isiyochanganyika. Kule "kuhamia" kulikuwa ni kusalimu amri. Kisha 2010 kirusi cha OsHV-1, ile aina inayoitwa microvar, kikaua mbegu za Pasifiki kwa wingi, na wafugaji walikuwa wameshaliacha kapu la pili, yaani chaza wao wa asili.

Sasa triploidi. Kuna njia mbili za kuwapata, na lazima umuulize wakala ni ipi. Njia ya zamani ni kuyatia mayai yaliyorutubishwa dawa ya sitokalasini B, au kuyashtua kwa joto au shinikizo, ili fungu la kromosomu ambalo yai lingelitupa libaki ndani. Njia hii haifiki asilimia 100. Kundi moja linatoka zuri, jingine ovyo. Njia ya pili ni kumpandisha dume tetraploidi, mwenye fungu nne, kwa jike wa kawaida. Hapo karibu wote hutoka na fungu tatu. Neno la kushika ni "karibu".

Fanya hesabu. Kituo kinapima mbegu kwa mashine inayosoma wingi wa DNA katika chembe, tuseme mbegu 100 kutoka kundi lako, na zote zinatoka triploidi. Cheti kinaandikwa 100%. Lakini kitakwimu, kupima 100 bila kukuta hata mmoja bado kunaruhusu hadi asilimia 3 hivi ya diploidi. Kwa mbegu 100,000 hiyo ni 3,000. Jike mkubwa mmoja anamwaga mayai milioni 50 na zaidi kwa mkupuo. Viluwiluwi wanaelea wiki mbili mpaka nne kabla ya kushika, muda mrefu kupita kiasi kwa hori ambalo maji yake yanatoka na kuingia mara mbili kwa siku, na Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iko jirani kusini mwa mlango wake. Juu ya hayo, triploidi wachache wanaendelea kutoa mbegu za uzazi, japo kidogo na dhaifu.

Lile la "hawezi kuzaa kwetu" limesemwa sana na watu wenye elimu yao. Uholanzi walimweka kwenye ghuba ya Oosterschelde mwaka 1964 kwa imani kwamba maji ni baridi mno asizae. Viangazi viwili vya joto, 1975 na 1976, mbegu zikamwagika kila mahali. Ujerumani shamba la kisiwa cha Sylt lilianza 1986, na 1991 chaza wa kwanza wa mwituni akakutwa juu ya matandiko ya kome. Baadaye matandiko hayo yakafunikwa. Afrika Kusini, ambako tasnia yao inategemea mbegu za kuagiza, 2001 walikutwa wameshika wenyewe kwenye midomo ya mito ya Breede, Goukou na Knysna.

Kuhusu mafuko 20 ya majaribio: jimbo la New South Wales, Australia, walimtangaza chaza wa Pasifiki kuwa kiumbe mharibifu kote isipokuwa Port Stephens, kisha wakaruhusu triploidi peke yao kwenye mahori machache kwa masharti. Mto Hawkesbury ulikuwa mmojawapo. Januari 2013 kirusi kikaingia, triploidi wakafa kwa mamilioni ndani ya siku chache. Fungu la tatu la kromosomu linazuia uzazi. Halizuii ugonjwa.

Mwani wa cottonii ni kesi tofauti kabisa, kwa sababu unaenezwa kwa kukatwa vipande na kufungwa kwenye kamba. Ukitaka mfano wa mgeni wa hapa nyumbani mtazame kunguru, naye alipoletwa kulikuwa na sababu nzuri.

---

KaratasiKwanza:

Upande wa serikali, kwa kifupi. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 hairuhusu kuingiza samaki hai, na chaza wanahesabiwa humo, bila idhini ya maandishi ya Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Idhini inatangulia oda. Haifuati mzigo ukiwa umeshakaa uwanja wa ndege. Kuingiza spishi ngeni kwenye mazingira kunataka pia tathmini ya athari kwa mazingira, na leseni yake inatoka NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Tarajieni KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kuulizwa maoni ya kitaalamu. Kuridhia kwa BMU ni ujirani mwema, na ni muhimu, ila hakufungui lango lolote kati ya hayo.

Cheti cha afya ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Cheti cha kimataifa kinahakikisha magonjwa yaliyo kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, kama Bonamia ostreae, Marteilia refringens na Perkinsus. Kirusi cha OsHV-1 hakimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kundi linaweza kuwa na cheti safi kabisa na kirusi ndani yake. Lazima uombe kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, cha OsHV-1 kwa jina lake, cha kundi lile lile, cha tarehe iliyo karibu na ya kusafirisha. Na kumbuka cheti kinapima kinachojulikana tu. Ugonjwa wa MSX ulioanza kuua chaza wa Marekani mashariki, ghuba ya Delaware mwaka 1957, vinasaba vilikuja kuonyesha miaka mingi baadaye kwamba kimelea wake ni wa chaza wa Pasifiki. Kwake hamdhuru sana. Kwa chaza wa kule anaua. Hivyo ndivyo inavyoweza kuwa kwa chaza wetu wa miambani, na hakuna maabara itakayokuuzia kipimo cha jambo hilo.

Utaratibu unaokubalika kimataifa, ule wa ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari, wa 2005, hauanzi na mbegu kwenda baharini hata siku moja. Unaleta wazazi wachache, unawafungia karantini ya nchi kavu, unawazalisha humo, wazazi hawatoki, na ni watoto wao wa kwanza tu, wakishapimwa, ndio wanaofikiriwa kutolewa. Maji yote yanayotoka karantini yanauliwa vijidudu. Mfano wa kipimo: tangi la lita 1,000 likitakiwa liwe na miligramu 10 za klorini kwa lita, unahitaji gramu 10 za klorini halisi, sawa na gramu 15 hivi za hipokloriti ya kalsiamu ya asilimia 65. Lakini maji ya bahari yenye uchafu yanaimeza klorini, kwa hivyo unapima iliyobaki baada ya saa moja na kuongeza, huridhiki na ulichotia. Mwisho unaiua klorini yenyewe kwa thiosulfati ya sodiamu kabla ya kumwaga. Gharama ya kujenga hilo peke yake inazidi thamani ya mbegu 100,000 mara nyingi.

Vifungashio navyo vinasahaulika. Nyasi za bahari za Kijapani, Zostera japonica, zilifika jimbo la Washington pamoja na shehena za chaza. Magunia mabichi, barafu iliyoyeyuka, povu la sanduku, vyote ni vya kuchoma au kutia klorini.

---

ChanjaNaKamba:

Nimjibu HoriMtwapa swali lake la mwisho, maana ndilo lenye pesa ndani yake. Chaza wa miambani anafugika. Ni mdogo, anakua polepole kuliko wa Pasifiki, ila mbegu yake ni ya bure na jua la saa tano halimuui. Kinachowashinda wengi ni kukamata mbegu.

Msianze na vikamatio 500. Anzeni na vibao vya majaribio: vigae visivyong'aa vya sentimita 15 kwa 15, vipakwe chokaa, vifungwe kwenye vimo vitatu vya maji, na kila bamvua, yaani kila siku 14 au 15, mvitoe na kuweka vipya. Vichunguzeni kwa kioo cha kukuzia. Mbegu ya chaza ni duara bapa la kahawia linalong'aa, milimita moja au mbili, limegandamana na kibao ukingo mzima. Vile vyenye umbo la kilima kidogo na tundu juu, ndivyo vinavyokwaruza miguu kwenye nguzo za gati, si chaza. Vibao viwili mfululizo vikileta chaza wengi kuliko vilima hivyo, hapo mnatumbukiza vikamatio vyote ndani ya siku mbili tatu. Mkitanguliza vikamatio wiki tatu kabla, utelezi na vilima vinachukua nafasi, na mbegu ikija haina pa kushika. Hili ndilo kosa la kwanza na la kawaida.

Kikamatio cha bei nafuu hapa ni kifuu cha nazi. Chukua nusu kifuu, ukwangue nyuzi zote nje, toboa jichoni, tunga kwenye kamba ya nailoni ya milimita 4 au 5 na katikati ya kifuu na kifuu weka kipande cha mpira wa maji cha sentimita 6. Vifuu 8 hadi 10 kwa kamba. Mdomo utazame chini: mbegu hupenda upande wa chini kwa sababu hauna tope wala jua. Kisha chokaa. Kipimo ni saruji moja, chokaa moja, mchanga mwembamba uliooshwa moja, maji mpaka iwe kama uji wa mgonjwa. Chovya, acha ikauke kivulini, chovya tena. Baada ya siku mbili kivulini, loweka maji ya bahari siku tatu au nne huku ukibadilisha maji, kwa sababu ukali wa saruji mbichi unawafukuza viluwiluwi. Tabaka hili si pambo. Bila hilo, siku ya kubandua utavunja nusu ya mbegu. Likiwapo, chaza anatoka na kigamba cha chokaa chini yake, mzima.

Kimo: tazameni mizizi ya mikoko na nguzo za daraja, muone mkanda wa chaza wa asili unaanzia wapi na kuishia wapi. Chanja iwe nusu ya chini ya mkanda huo. Juu zaidi wanakula saa chache na wanadumaa. Chini zaidi konokono watobozi na kaa wanawafikia muda wote.

Nguzo za chanja: msikate mkoko bila idhini ya Huduma ya Misitu. Mvinje ni rahisi kupatikana lakini minyoo wanaotoboa mbao za vyombo wanaumaliza upesi. Bomba la PVC la inchi 3, nondo ya milimita 10 katikati, ujaze zege, linadumu. Ukiweka nguzo, izame tope angalau theluthi ya urefu wake, la sivyo kusi la Juni linaiegemeza.

Mbegu zikifika milimita 15 hadi 25, bandua kwa kisu butu cha bapa, chambua kwa saizi, tia kwenye mafuko ya neti ya futi tatu kwa futi moja na nusu hivi. Tundu la neti liwe dogo kidogo kuliko mbegu ndogo kabisa. Jaza theluthi moja, usizidishe. Kila bamvua tikisa na kupindua fuko: huko kunavunja ncha nyembamba za kombe zinazoota, na chaza badala ya kurefuka anaongeza kina. Fuko lisilotikiswa linatoa chaza walioshikana bonge moja, bapa kama kucha, ambao hakuna wa kuwanunua.

Masika ndiyo inayowajaribu. Maji ya mvua yakikaa juu ya hori siku kadhaa, chaza wanafunga na kusubiri, wanaweza kustahimili, lakini tope linaloshuka ndilo linalowaziba. Baada ya kila mvua kubwa osha mafuko. Wakishikwa na mbegu za pili juu ya makombe yao, watoe, waanike kivulini siku nzima. Wakubwa wanafunga na kupona, wadogo wa juu wanakufa. Jaribu na fuko moja kwanza.

Soko lake si lile la sahani ya chaza mkubwa wa Kifaransa. Uza sentimita 5 au 6 kwa dazani, wa kuchomwa juu ya makaa na pilipili na ndimu, au nyama iliyobanduliwa kwa kilo.

---

MajiTaka:

Mmejadili spishi kwa ufundi mkubwa, na wote mmelipita swali linaloamua kila kitu: maji ya hori yana nini ndani? Chaza mmoja anachuja lita nyingi kwa saa. Mashimo ya vyoo yaliyo ukingoni mwa Mtwapa na Tudor yanavuja humo humo, na chaza hajali kama ni planktoni au ni kinyesi.

Kipimo cha Ulaya, ambacho hoteli nzuri zitakitaja, ni E. coli, bakteria wa kinyesi, 230 kwa gramu 100 za nyama na maji yaliyo ndani ya kombe. Hapo unauza moja kwa moja. Kuanzia hapo mpaka 4,600 lazima wasafishwe kwanza, na kupita hapo mpaka 46,000 wahamishiwe maji safi kwa miezi. Pimeni nyama ya chaza, si maji peke yake. Maji yanabadilika kila baada ya saa sita. Chaza wasiopungua 10 kwa sampuli moja, kila mwezi, na mojawapo iwe maji yakiwa yamepwa siku mbili baada ya mvua kubwa, kwa sababu ndiyo siku itakayowalaza wateja wenu hospitali. Chukueni chaza wa asili wa pale pale mnapokusudia kuweka chanja, hata kabla ya kununua kamba.

Kusafisha ni matangi yenye maji ya bahari yanayozunguka na kupita kwenye taa ya UV, saa 42 mfululizo, chaza wakiwa juu ya kreti zenye matundu ili uchafu udondoke chini wasiumeze tena. Mkiongeza chaza wapya tangini katikati, saa zinaanza upya. Njia hii inatoa bakteria wa kinyesi vizuri. Virusi vya norovirus na homa ya ini A haivitoi kwa uhakika, wala madini mazito, wala bakteria wa Vibrio, ambao ni wenyeji wa maji ya joto na hawatoki chooni. Kwa Vibrio dawa ni baridi: toka majini mpaka kwenye kivuli na barafu mara moja, kisha kwenye friji, kombe lenye kina likiwa chini. Dazani iliyokaa saa nne kwenye gunia juu ya bodaboda ni ya kuchoma, si ya kula mbichi.

Chaza wa Pasifiki asingewasaidia chochote katika haya.

---

HoriMtwapa:

Shukran sana nyote. Tumemwambia wakala asitume oda. Sasa anasema ana mbegu 500 za sampuli tayari Mombasa, ziko kwenye ndoo yenye kipampu cha hewa, atatuletea tuzione tu bila kuziweka baharini. Hiyo ina tatizo?

---

KaratasiKwanza:

Ina tatizo. Muulize maji ya ndoo anayabadilisha kila siku na yale ya zamani anayamwaga wapi. Mtaro wa mtaani unaishia horini. Msizipokee na msimwambie azirudishe au azitupe. Ripotini ofisi ya Huduma ya Uvuvi leo, waje wazichukue wenyewe na maji yake. Ikiwa kwa bahati mbaya ndoo imeshawekwa kwenu, msifungue wala msimwage chochote. Isogezeni mbali na mtaro, na kila kilichogusa maji hayo, mpira, kikombe, taulo, kibaki pamoja nayo.

---

ChanjaNaKamba:

Na vibao msingoje kadhia hiyo iishe. Vifungeni na bamvua linalokuja, viwili kwa kila kimo ili kimoja kikipotea kibaki kingine, na tarehe iandikwe nyuma kwa rangi ya mafuta, kwa sababu kalamu ya wino haifiki hata wiki. Chaza wa asili wa kupimwa E. coli wachukueni siku hiyo hiyo, maana maji yatakuwa yamepwa vya kutosha kuufikia mkanda wa chini.